Uzi Mmoja Mmoja

Kwenye kichujio palibaki ukungu tu. Mpimaji akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakisogeza karibu na pua, kana kwamba nyuzinyuzi zimejificha kwa haya. Viazi vitamu vya wakulima wengine vilikuwa vimeacha masalia ya kutosha. Hiki chekundu, kiazi cha shangazi yake, kilikuwa kimeyeyuka kwenye dawa kama sukari kwenye chai.

Kituo cha utafiti kingegawa mbegu ya viazi vyenye nyuzinyuzi nyingi tu, na marando ya kiazi hiki, yale mashina ya kupandia, hayakuwa kwa mtu mwingine ila shangazi, aliyemlea kwa kiazi hicho hicho tangu alipofiwa na mama.

"Vipi huko?" akauliza mkuu wa maabara.

"Bado kidogo."

Angeongeza tarakimu moja tu, nani angejua? Mungu angejua. Na mizani ile pale, imemkodolea macho. Akaiweka kalamu chini, akatoka kwenda barazani alikokaa shangazi na kikapu magotini.

"Tumeshinda?"

"Shangazi, kiazi chako hakina nyuzi."

Uso wa bibi yule ukachanua. "Ashukuriwe Mungu! Nilijua utaona!"

"Nione nini?"

"Kazi yangu! Mlisema tulete vipande vilivyoanikwa. Sasa niwaletee wasomi kiazi cha kuwakwama menoni, waseme mwanangu hana kwao? Nimechomoa uzi mmoja mmoja, kwa sindano, kabla sijaanika. Mpaka macho yakaniwasha!"

Mpimaji akajiegemeza ukutani. "Shangazi, hizo nyuzi ndizo tunazozitafuta."

"Kwenye chakula?"

"Kwenye chakula."

"Na mnalipwa mshahara?"

Akarudi ndani kabla kicheko hakijamshinda. "Mkuu, sampuli ile imechezewa."

"Na nani?"

"Shangazi yangu."

"Kwa nia gani?"

"Ya kunisitiri."

Mkuu akachungulia barazani, akamtazama bibi, akakitazama kikapu. "Kibichi kipo?"

Kilikuwapo kimoja, cha kumpikia huyo mwanawe wa kulea jioni, kingali na udongo.

"Kilete kama kilivyo. Na asikiguse."

Kisu kikapita katikati. Nyuzi zikachomoza kila upande kama ndevu za mtu aliyeamka sasa hivi. Shangazi, aliyekuja kusimama mlangoni, akashusha pumzi ya aibu.

"Mikono nyuma, shangazi," akasema mpimaji.

Akaipeleka nyuma, akaifungamanisha. Vipande vikaingia kwenye tanuri la kukaushia, kimoja baada ya kingine, na bibi akavisindikiza kwa macho.

"Nichomoe ule mmoja tu, mwanangu," akanong'ona. "Ule mrefu. Watu wanaona."