Upekuzi wa Meza ya Nne

Habari ya upekuzi mpya ilitufikia saa saba mchana, na aliyeileta ni msimamizi mwenyewe, kikombe cha chai mkononi kana kwamba anatangaza mapumziko. Kuanzia leo jioni, alisema, walinzi wa getini hawatapapasa mifuko tu. Watapitisha mikono chini ya shati: kifuani, mgongoni, kiunoni. Kitambaa kinapotea, na kinapotea kwa njia moja. Mtu anajizungushia mita mbili tatu mwilini, anatoka amenenepa kidogo, na hakuna anayejiuliza.

"Kwa hiyo wanene mjiandae," akamalizia, na watu wakacheka.

Mimi nilicheka kuliko wote. Chini ya shati langu, kuanzia kwapani hadi karibu na kitovu, nilikuwa nimejizungushia kitambaa.

Sikukiiba. Nilikinunua dukani miaka minne iliyopita, na nakivaa kila siku ya Mungu. Nilizaliwa nikaitwa binti, nikalelewa binti, na tangu nipate akili nilijua kwamba mimi ni mwanamume. Nilipolisema hilo nyumbani, mjomba alifunga mlango kwanza, ndipo akavua mkanda. Siku ya tatu nilitoroka kupitia dirisha la jikoni na sijarudi. Hapa kiwandani, ambako tunashona sare za shule, niliandikwa kazi kama mwanamume, na kwa ufupi wangu wakanibandika jina la Sentimita. Nalipenda jina hilo kuliko yote niliyowahi kupewa.

Kitambaa ndicho kinachonilaza kifua. Nikikivua, mwenye macho ataona.

Kazi yangu ni kukata, meza ya nne. Mama Pacha hutandaza kitambaa kutoka kwenye jora, tabaka juu ya tabaka mpaka yafike sitini, akiyahesabu kwa sauti kama anayemkariria mtoto. Mimi napitisha kisu cha umeme. Miaka mitatu tumesimama hivyo, yeye ncha ile na mimi ncha hii, tukisengenya kiwanda kizima. Na kwa kuwa mtandazaji ndiye anayehesabu, kiwanda kina sheria yake: mkataji akikamatwa na kitambaa, meza nzima inaachishwa kazi. Hawaiti polisi. Wanakufukuza, halafu wanabandika picha yako getini.

Alasiri hiyo nilikata kola kombo mara mbili.

"Sentimita, una nini leo? Umependa?" Mama Pacha aliuliza.

"Tumbo."

"Tumbo gani linalotetemesha mikono?"

Nilikwenda chooni, nikafunga komeo, nikakifungua kitambaa nusu. Nilijitazama. Makoti ya kazi hubaki ndani, kila mtu hutoka na shati lake, na shati langu lilikuwa jepesi. Nikitoka nacho, mimi ni mwizi. Nikitoka bila hicho, mimi ni yule binti aliyepigwa na mjomba. Nikakizungusha tena na kukikaza mpaka pumzi ikapungua, nikakaa pale hadi mtu alipogonga na kuuliza kama nimehamia.

Saa kumi na moja tulipanga mistari miwili, wanaume kushoto na wanawake kulia. Mlinzi wetu ni mtu wa maneno mengi. Kila jioni huniuliza kama nimerefuka au ni viatu. Leo msimamizi alisimama pembeni yake, kwa hiyo hakukuwa na utani. Watu sita mbele yangu. Watano. Nilifikiria kuzirai, lakini mtu akizirai si ndiyo hufunguliwa shati?

Mkono wake uliingia, ukafika mbavuni, ukasimama.

"Una nini hapa?"

"Bandeji. Niliumia mbavu."

"Lini?" msimamizi akadakia. "Asubuhi nimekuona umebeba jora begani."

Wakaniingiza kwenye chumba cha walinzi. Palikuwa na meza, chupa ya chai, na kalenda ya mwaka uliopita. Msimamizi alichungulia nje akaita, "Meza ya nne! Mwenzake aje!" Mama Pacha akatolewa kwenye mstari wa wanawake, mkoba ameukumbatia. Aliponiona, akaelewa anachopaswa kuelewa mtu yeyote wa kiwanda kile.

"Mimi sijui chochote, bosi," alisema. "Nimeyahesabu mwenyewe. Sitini, halikupungua hata moja. Sentimita, sema kitu basi!"

"Kivue," msimamizi aliniambia.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Nimeiba. Ningeomba nikakivulie chooni, ningewakabidhi, ningekunja mikono kifuani na kuondoka zangu; nani angekichunguza kitambaa cha aliyekwisha kukiri? Picha getini, basi. Ningeanza kwingine, nikiwa mwizi, lakini mwanamume. Ilikuwa rahisi hivyo. Nikamtazama Mama Pacha. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na nilijua anahesabu: ada ya pacha wawili, kodi, mama yake anayelala kitandani tangu mwaka juzi. Nilimchukia kidogo kwa kusimama pale.

"Huyu mama hana kosa," nikasema. "Mimi pia sijaiba. Nakivaa kulaza kifua."

"Kulaza kifua, vipi?"

"Nilizaliwa wa kike." Sauti ilitoka nyembamba, sauti niliyoizika miaka minne. "Mimi ni mwanamume. Nimekuwa mwanamume siku zote. Lakini mwili niliozaliwa nao ni huo, na kitambaa ni cha kuuficha. Kiangalieni. Ni cheupe, kimechakaa. Meza yetu haikati cheupe."

Niliinua shati kidogo, upana wa vidole vitatu, nikalishusha.

Mlinzi alitazama mkono wake, ule ulionigusa, akaufuta kwenye suruali. Halafu akatoka nje bila kuaga. Nilimwona akielekea kwenye mstari wa wanaume, na yule bwana domo lake halijawahi kuwa na kitasa.

Msimamizi alikaa kitini. Akamimina chai, asiinywe.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Kutoka nje tulisikia vicheko, kisha vicheko vikaisha, na kule kuisha kulinitisha zaidi.

"Sasa wanajua," alisema. "Nenda nyumbani."

"Kesho nije kazini?"

Alimgeukia Mama Pacha akamwambia meza yake haina doa, aende. Aliyasema hayo akitazama kalenda.

Tulitoka pamoja. Mstari wa wanaume haukuwa mstari tena. Walikuwa wamesimama kikundi upande wa geti, wameacha upenyo wa mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kwake. Nilizifahamu sura zote. Mpiga pasi, ambaye tulikuwa tukigawana sigara, alikuwa ameshika kipande cha bomba.

Mama Pacha alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana hadi nikaumia.

"Ungesema umeiba," alininong'oneza.

"Wangekufukuza."

"Bora ningefukuzwa! Mwizi wanambandika picha, wiki mbili watu wameshasahau. Wewe watakufanya nini, mwanangu?"

Hakuwa amewahi kuniita mwanangu.

"Tembea," akasema. "Usikimbie, na usigeuke. Mimi nipo nyuma yako."

Nikapita kwenye ule upenyo, nikashika barabara. Nyuma yangu nilisikia ndala zake, na nyuma ya ndala zake, viatu vya watu wengi.