Simile wa Chumba cha Nyuma

Siku tatu baada ya kumzika paka, mama wa nyumba ile alikuwa bado anainua mguu kila akiingia jikoni. Paka alikuwa na desturi ya kujilaza kizingitini, nusu ndani nusu nje, na ndiyo maana wakamwita Simile, kwa kuwa miaka kumi na mmoja walikuwa hawapiti pale bila kuomba njia kwa neno hilo. Sasa kizingiti kilikuwa kitupu lakini mguu haujapata habari. Mama alibeba sufuria ya chai, akainua mguu, akaushusha upande wa pili, akabaki amesimama mpaka chai ikamchuruzikia kidoleni. Mumewe alimwona. Yeye mwenyewe asubuhi ile alikuwa amefungua mlango wa uani, akangoja, kitasa mkononi, hadi alipokumbuka kwamba hakuna anayetaka kutoka.

Mume alikuwa fundi wa lifti. Kwa msiba huu alichukua likizo ya siku mbili, na watu wa jengo moja la ghorofa tisa wakapanda ngazi. Alipofiwa na baba yake alichukua siku moja.

Mke alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kusoma vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya pakiti za dawa, herufi ndogo kama punje za mchanga, kutwa nzima, akitafuta kosa. Kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mstari ukionekana safi sana, ujue kosa limejificha. Alirudi nyumbani na mafunzo hayo mabegani. Alikagua jiko mara mbili, mlango mara tatu, paji la uso la bintiye kila alipopita karibu naye. Na pamoja na macho yote hayo, paka alikunywa maji mengi kupita kiasi kwa wiki mbili na yeye akasema ni joto. Daktari wa mifugo alisema ni figo, na kwamba wangemleta mapema kidogo pengine ingekuwa hadithi nyingine. Neno "mapema" lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Binti yao wa miaka kumi ndiye aliyezoea kupeleka sinia la chakula chumba cha nyuma. Jioni ile alikuwa amejifunika shuka gubigubi, analia, kwa hiyo mama akalipeleka mwenyewe. Chumba cha nyuma kilikuwa stoo zamani. Mama mkwe, mzazi wa mumewe, alifikia humo miaka minne iliyopita, alipovunjika nyonga, ili akae wiki mbili apone. Sinia huwekwa juu ya stuli, mlango hugongwa mara moja, na mpelekaji hurudi zake.

Lakini safari hii mlango ulikuwa wazi kidogo, na mama akaona Simile amelala juu ya miguu ya mama mkwe.

Ni yeye. Manyoya ya rangi ya majivu, sikio la kushoto lililomeguka ncha. Alikuwa na udongo kidogo mgongoni. Alikuwa anakoroma taratibu, kama cherehani ya nyumba ya pili.

"Shikamoo mama," alisema msahihishaji, kwa kuwa amekwisha kuingia.

"Marahaba, mwanangu."

"Amekuja lini?"

"Jumanne. Mlikuwa hata hamjamaliza kunawa mikono."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliita mara mbili," alisema mama mkwe. "Redio ilikuwa juu."

Msahihishaji akaweka sinia chini, akamgusa paka. Alikuwa baridi kama sakafu ya asubuhi. Alitafuta pigo la moyo chini ya mbavu, hakulipata. Akaenda kuwaita wenzake.

Fundi lifti alimtazama paka kwa muda, kisha akachukua jembe akaenda nyuma ya jiko kufukua. Alirudi baada ya robo saa, ameshaosha mikono.

"Na kule yumo," alisema. "Katika taulo lake, vilevile nilivyomlaza."

"Na huku yumo," alisema binti.

"Ndiyo. Na huku yumo."

Jambo likaishia hapo. Wakaleta viti vitatu, wakaketi kukizunguka kitanda. Binti alimpangusa paka udongo kwa kitana. Alipokuwa akifanya hivyo akamuuliza bibi yake kwa nini Simile hakurudi kizingitini, mahali pake.

"Huko alikuwa akilala mkiwapo," alisema bibi. "Mkishatoka alikuwa huku. Saa mbili asubuhi anaingia, anatoka akisikia lango."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini, bibi?"

"Nilikuwa na paka," alisema bibi.

Msahihishaji alisikia jibu hilo. Lilipita mbele yake kama mstari unaopita chini ya kalamu, na kalamu ikatetemeka kidogo juu ya neno moja, kisha ikaendelea.

Kuanzia siku hiyo familia ilihamia chumba cha nyuma. Binti alifanyia hesabu zake za shule juu ya kile kitanda. Baba alileta chai yake, akamsimulia Simile habari za lifti iliyokwama na bwana harusi ndani. Mama aliketi karibu na mlango, akimkagua paka kuanzia sikio hadi mkia. Walijaribu mara moja kumhamishia sebuleni. Baba alimbeba kifuani, lakini kila hatua paka alizidi kuwa mwepesi, na alipofika kwenye kochi alikuta amekumbatia shati lake tu. Paka alikuwa amesharudi kitandani, anajilamba.

Wakamwita daktari wa mifugo. Alimpima, akaandika kwamba mnyama amekufa na hali yake ni nzuri kwa kadiri ya hali hiyo. Kisha akaangalia chumba. Kwenye dirisha kioo kimoja hakikuwepo, pengo limezibwa kwa boksi, na boksi limelowa. Ukutani pameota ukungu wa kijani.

"Hapa pana baridi sana kwa paka," alisema.

Kesho yake asubuhi kioo kikawekwa. Fundi lifti alipaka ukuta chokaa, akaleta zulia kutoka chumbani kwao. Mama mkwe aliyatazama haya yote akiwa kitandani. Kuhusu kile kioo alikuwa amesema tangu mvua za mwaka wa kwanza.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema.

Fundi lifti akacheka, kwa kuwa mama yake tangu zamani alikuwa na maneno yake.

Wiki ya pili mama mkwe alishikwa na kikohozi. Kikohozi chenyewe hakikuwa kigeni, kilikuwa kikisikika kupitia ukuta miaka yote, na ndicho kilichofanya redio iwekwe juu. Lakini jioni ile alikohoa mfululizo, mpaka akashika ukingo wa kitanda, na msahihishaji akaona maua ya blanketi kupitia tumbo la Simile. Wengine hawakuona. Yeye alikuwa na jicho la wino, na alijua herufi inavyokuwa kabla haijafutika. Mama mkwe alipotulia akavuta pumzi, paka akakolea tena.

Basi hofu iliyokuwa imetawanyika nyumba nzima, kwenye jiko, mlangoni, kwenye paji la uso la binti, ikajikusanya yote ikaketi mahali pamoja. Siku ya pili yake akaletwa daktari wa watu. Alisikiliza kifua cha mama mkwe mbele na nyuma. Alisema moyo umechoka, angeonwa miaka miwili nyuma, lakini dawa zipo. Ale vizuri, atembee kidogo kila siku, na asiachwe peke yake.

"Mtu mzima anahitaji watu wa kuongea nao," alisema.

"Tunakaa naye kila jioni," alisema fundi lifti, na hiyo ilikuwa kweli.

Kile kikaratasi cha ndani ya pakiti ya dawa, msahihishaji alikisoma mara nne. Hakikuwa na kosa, na hilo lilimnyima usingizi. Akaweka simu karibu na mto wa mama mkwe, na kila siku saa nne na saa nane akapiga kutoka kazini.

"Mama, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu. Jana nilikuwa naota..."

"Simile yupo?"

"Yupo."

"Anaonekana wote?"

"Wote. Hata kucha."

"Haya, mama. Usisahau vidonge."

Mama mkwe akanenepa. Mashavu yalirudi, akaanza kutembea kwa mkongojo kutoka kitandani hadi dirishani, Simile akimkata njia kila hatua. Majirani waliopita kumwona paka walisema hawajaona mkwe anayemtunza mama wa mumewe namna hii. Msahihishaji alipokea sifa hizo akiwa ameinamisha macho.

Mwezi wa tatu simu ikalia, na haikuwa yeye aliyepiga. Mdogo wake mama mkwe, aliyekaa mwendo wa siku nzima kwa treni, alikuwa hoi. Jioni familia ilipokusanyika, mama mkwe alingoja binti amalize kumchana paka, kisha akasema:

"Nataka nikamwone mdogo wangu."

Fundi lifti akaangalia zulia. "Mama, safari ndefu."

"Daktari kasema nitembee."

"Alimaanisha humu humu ndani."

"Siku tatu tu. Ya kwenda, ya kukaa, ya kurudi."

Msahihishaji akauliza, polepole, "Na Simile? Atakwenda na wewe?"

"Sijamuuliza," alisema mama mkwe.

Ilibidi wajue. Jumamosi alasiri, jua likingali juu, fundi lifti alimshika mama yake mkono, wakatoka chumba cha nyuma, wakapita sebuleni. Simile aliteremka kitandani akafuata. Hakupungua hata unywele. Katikati ya sebule mama mkwe akasimama kupumzika, akatazama huku na huku.

"Kumbe mmebadilisha mapazia," alisema.

"Mwaka juzi, mama," alisema msahihishaji.

"Mazuri."

Walitoka hadi langoni. Mama mkwe akafungua lango mwenyewe, akaweka mkongojo barabarani. Paka akampita, akaketi upande wa nje, mkia umezungushwa miguuni, akitazama upande wa stesheni. Mama mkwe naye akatazama huko. Walikuwa wanafanana kwa namna ambayo msahihishaji hakuipenda. Ilikuwa kama siku aliyokuta dozi ya watoto imeandikwa sifuri moja zaidi na mashine zimeshaanza kuchapa.

"Inatosha kwa leo, mama," alisema. Wakamgeuza taratibu, wakamrudisha.

Jioni, mume na mke walizungumza jikoni, sauti chini.

"Akifia njiani je?" alisema mume.

"Tutakuwa tumewapoteza wote wawili."

Mume hakuuliza wawili gani, wala ni yupi kati yao waliyemwogopea zaidi. Wote wawili walijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenziwe anajua. Msahihishaji aliliona kosa lile waziwazi, jeusi juu ya karatasi nyeupe, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupita mikononi mwake. Akiwa kazini angesimamisha mashine. Hapa alikausha kikombe, akakiweka kabatini, akasema bora wangoje mvua zipite.

Walimwambia mama mkwe kwamba ni kwa ajili ya afya yake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mnanitunza vizuri sana," alisema.

Tangu siku hiyo lango lilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ukakaa mkobani mwa msahihishaji, huko kiwandani, kutwa.

Mvua zilikuwa hazijapita. Alhamisi moja, saa nne, msahihishaji alipiga simu kama kawaida.

"Simile yupo?"

"Yupo. Mdogo wangu amefariki alfajiri."

"Pole sana, mama. Umekunywa vidonge?"

"Nimekunywa."

Jioni alirudi mapema. Mume alimletea mama yake kiti cha mikono kutoka sebuleni, binti akamchumia maua ya uani. Magharibi ilipoingia, mlango ukasukumwa, akaingia mwanamke mfupi mwenye kanga ya hospitali na vumbi la safari miguuni. Akavua ndala mlangoni, akaenda kuketi kitandani, akaushika mkono wa mama mkwe.

"Nimeona wewe huji," alisema.

"Nilifungiwa," alisema mama mkwe.

"Nimesikia."

Binti akaamkia. Fundi lifti akaamkia, akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

"Shikamoo mama mdogo," alisema msahihishaji.

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye ufunguo?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya."

Marehemu aliendelea kuushika mkono wa dada yake, na wale wazee wawili wakaanza kunong'ona habari za watu ambao wengine chumbani hawakuwajua, wakacheka mara moja, wakanyamaza, wakaendelea. Fundi lifti aliwatazama kama mtu anayesikiliza lugha aliyoijua utotoni. Msahihishaji hakuwatazama usoni. Macho yake yalikuwa chini zaidi, kwenye blanketi, na aliposhindwa kuvumilia akasogea akainama.

"Samahani, mama mdogo," alisema. "Naomba usogee kidogo. Umemkalia paka mkia."

Mgeni akasogea. Simile akauvuta mkia wake, akaukunja chini ya kidevu. Msahihishaji akamkagua kuanzia lile sikio lililomeguka hadi ncha ya mkia, akaona yupo wote, akaenda jikoni kupasha chakula.