Viazi vya Jivuni, Nyuma ya Geti

Kuna watu wanakula kiazi kwa sababu mkate umekwisha. Mimi simo. Mimi nakula kiazi kwa sababu ni kiazi, na mkate ukiwepo nausogeza pembeni.

Kwetu Mpwapwa nilikuwa nalima viazi vitamu bondeni, kule chini ambako maji ya mvua yanatuama kidogo, na marehemu mke wangu, Anifa, alikuwa na namna zake za kuvipika. Vya kuchemsha hakuvimenya. Anaviosha, anaweka maji kidogo tu, anafunika juu kwa majani ya viazi vyenyewe, halafu anaacha mpaka maji yakauke na viazi vianze kushika chini ya sufuria. Pale paliposhika ndipo patamu, na tulikuwa tunapagombania kama watoto. Vikizidi wakati wa mavuno anavikata vipande, anavianika juu ya paa, na jua la huku unalijua halina utani. Miezi ya njaa ikija anavipika na karanga za kutwanga. Ukishiba hicho asubuhi unashinda shambani mpaka jua linazama, hukumbuki kama una tumbo.

Viazi ulaya navyo sivikatai. Hapa mjini binti yangu Salha akitoka kazini ananiletea chipsi mayai kwenye mfuko. Namshukuru, natafuna. Lakini kile kiazi kimekaa kwenye mafuta mpaka kimesahau kama kilitoka kwenye udongo.

Sasa cha jivuni ndiye mkubwa wao. Ukishamaliza kupika ugali wa jioni, unatenga makaa, unalaza viazi, unavifukia kwa jivu la moto, halafu juu unaweka mavi makavu ya ng'ombe ili moto uende taratibu mpaka alfajiri. Ukirudi kuswali unafukua. Unakipuliza, unakipasua, unamwagia maziwa mgando. Hapo mtu akikuita, unaweza usiitike.

Na kiazi hicho hicho ndicho kilichonifungisha.

Ilikuwa hivi. Mimi na Anifa tuliishi kwenye tembe, ile nyumba yetu ya udongo yenye paa la bapa. Tembe linapumua. Moshi unazunguka ndani, unasalimia watu, unapata njia zake unatoka. Anifa alipofariki, Salha akasema baba hawezi kukaa humo peke yake, akanijengea nyumba ya matofali. Nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Bati jekundu, dari nyeupe, madirisha ya vioo yanabana hata upepo haupati njia. Jiko la nje alinijengea pia, ila kipindi kile cha baridi upepo wa kwetu unakata masikio. Nikaingiza jiko ndani, nikafukia viazi vyangu na mavi yangu juu kama siku zote, nikalala.

Nyumba ile haikujua kupumua. Moshi ukajaa mpaka ukaanza kujipenyeza chini ya bati. Mpwa wangu Munir, tunapakana naye, akaona akadhani nyumba inaungua. Akavunja mlango. Mimi nakohoa, wamenibeba kama gunia, wananimwagia maji. Nawaambia moto hakuna, ni viazi. Hakuna anayenisikia. Munir akampigia Salha simu, akalia kwenye simu mtu mzima yule, na kesho yake Salha alikuwa amefika na gari.

"Baba, unakwenda Dodoma na mimi."

"Kwa muda gani?"

"Twende kwanza."

Hiyo "twende kwanza" ndiyo niliyomo mpaka leo.

Nyumba ya Salha iko Ilazo. Mume wake Abdulnasiri ni dereva wa malori, anakwenda mpaka Kongo, akirudi analala kisha anaondoka. Watoto wako shule za bweni. Salha mwenyewe anatoka asubuhi kwenda ofisini Mtumba. Kwa hiyo mchana tunabaki mimi, ukuta na geti. Mwanzoni geti halikufungwa. Nikaondoka siku moja nikaenda stendi, akanikuta nimeshakaa kwenye basi la Mpwapwa, dirishani, nimetulia na tiketi yangu. Hakunigombeza. Alikaa kiti cha pembeni akalia, abiria wote wakanitazama kama nimemuua mtu. Nikashuka.

Toka hapo, kufuli. Na hilo kufuli liko upande wangu, wa ndani. Mtu wa nje anapitisha mkono kwenye tundu la geti ndiyo analifikia. Kwa hiyo mimi naliona, nalishika, likipigwa na jua linaniunguza vidole. Ufunguo uko Mtumba kwenye mkoba wa Salha. Humo humo kwenye mkoba ndimo anamotembea na kile kidude cha kufungulia mtungi wa gesi, anakichomoa kila asubuhi. Viberiti kavificha. Chakula ananiachia kwenye hotpoti.

Mvua zilipokaribia nikaanza kukosa usingizi. Kiazi kitamu hakipandwi mbegu, kinapandwa marando, zile kamba zake. Na marando yangu yako bondeni, pale penye unyevu, nayahifadhi kiangazi chote kwa kuyapitishia maji kidogo kidogo. Mbegu ile alikuja nayo Anifa alipoolewa. Nyekundu kwa nje, njano kwa ndani. Sijaiona kwa mtu mwingine. Nikikosa msimu huu imekwisha.

Nikamwambia Salha tukiwa tunakula. "Mwanangu, nirudishe nikapande."

"Utakula nini huko, baba? Nani atakupikia?"

"Nitapika mwenyewe."

Akaweka kijiko chini. "Ulipika mwenyewe tukakuta nyumba inatoka moshi."

"Nyumba iliungua?"

"Haikuungua."

"Basi."

Akacheka bila kutaka. Halafu akasema, "Haya. Siku ukinionyesha unaweza kupika bila kuita watu na ndoo, tutaongea habari ya Mpwapwa."

Kwake labda ilikuwa mzaha. Mimi niliishika kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Ila nitapika na nini? Gesi haina kile kidude chake, kiberiti sina, kiazi sina. Nikawa nashinda karibu na geti nikisikiliza nani anapita.

Akapita mama mmoja na ndoo kichwani, ananadi. "Viaziii, viazi vitamu." Nikapitisha mkono tundoni nikaupungia. Alishtuka akaruka.

"Mungu wangu. Nani huyo?"

"Mimi babu. Usiogope."

Akainama akachungulia, jicho moja. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Viazi vya wapi?"

"Vya Haneti, nimelima mwenyewe. Mimi naitwa Hilaria, uliza sokoni wananijua. Fungua basi uchague."

"Sina ufunguo."

Jicho likapepesa. "Wamekufungia, babu?"

"Sijafungiwa. Natunzwa."

Akacheka mpaka ndoo ikatikisika. "Haya, unayetunzwa. Tunapitishaje?"

Tukaanza kupitisha kimoja kimoja. Vyembamba vikaingia. Akaleta kimoja kikubwa, kimenona, nikakiona nikakipenda, kikakwama. Yeye anasukuma, mimi navuta. 

"Babu, hiki kinakataa jela."

"Kirudishe. Kina akili kuliko mimi."

Nikampa hela yake, kisha nikamuuliza kama ana kiberiti. Akanikazia jicho. "Cha nini? Usije ukachoma nyumba ya watu wakasema Hilaria."

Nikamweleza habari ya jivu. Huyo mama ni mkulima, ukimwambia jivu anajua jivu. Akauliza nitaweka nini juu, nikasema safari hii siweki mavi, naweka kigae. Ndipo akafungua pindo la kanga akanipitishia kiberiti chake. "Choma kuni kavu tupu," akasema, "na usiwe na haraka."

Nikachimba shimo kwa mwiko wa fundi niliookota nyuma ya tangi, kule mbali kabisa na nyumba. Kuni nilikusanya matawi makavu ya mwarobaini. Nikawasha, nikakaa nikiyaangalia yakiungua mpaka yakawa makaa matupu, hakuna hata uzi wa moshi. Ndipo nikalaza viazi, nikafukia, nikafunika na chungu cha maua kilichopasuka. Sikuondoka pale. Swala ya alasiri niliswalia hapo hapo kwenye mkeka. Nilikuwa naogopa, nikwambie kweli. Mtu mzima wa umri wangu naogopa viazi kama mwanafunzi anaogopa mtihani.

Salha alipoingia alisimama getini, pua juu. Harufu ya kiazi cha jivuni haifichiki. Akaja mbio nyuma ya nyumba na viatu vyake vya ofisini, akanikuta nimekaa na ndoo mbili za maji pembeni, sahani imefunikwa.

"Baba, kiberiti umepata wapi?"

"Kaa kwanza. Kula."

Hakukaa. Alichukua kiazi akiwa na mkoba begani, akakipuliza, akakipasua. Mvuke ukamwingia usoni. Alipouma akafumba macho, na alipoyafumba vile nikamwona alivyokuwa anachuchumaa na mama yake alfajiri, wanagombania kilichobanduka ganda.

"Kama vya mama," akasema.

"Nyumba imesimama?"

"Imesimama, baba."

"Kuna mtu kaja na ndoo?"

"Hakuna." Akachukua cha pili. "Umeshinda."

Nikaingia chumbani nikakunja kanzu zangu zote mbili nikatia kwenye begi. Nikaweka na kofia.

Jumamosi aliondoka mapema. Nikajua kaenda kukata tiketi. Akarudi na fundi na bati. Yule fundi akasimamisha nguzo pale pale nilipochimba shimo, akaezeka kibanda kisicho na kuta, akanijengea jiko la mafiga, zuri, limesilibwa vizuri. Salha anazunguka zunguka, anafurahi, jasho linamtoka.

"Unaona, baba? Moshi unatoka pande zote. Sasa utapika viazi vyako upendavyo, hakuna wa kukukataza."

Nikasema, "Nimeona. Na Mpwapwa?"

"Ngoja." Akaenda kwenye gari akaja na kiroba kilicholowa maji. "Munir katuma kwa basi. Nilijua ndicho kinachokunyima usingizi."

Akakifungua. Marando. Sikuhitaji kuuliza ya wapi, ile rangi ya shina naijua hata gizani.

"Kayakata yote?" nikauliza.

"Hapana, kaacha ya kupanda mwenyewe. Nimemwambia lile bonde alime yeye tu, lisikae pori. Na ile nyumba kuna mwalimu ameipanga, anaingia wiki ijayo." Akanishika mkono. "Baba, mimi nikiwa kazini simu ikilia namba ya Munir, moyo unasimama. Sitaki tena ile simu. Huna kitu cha kuhangaikia tena huko."

Kweli, sikuwa nacho. Alikuwa amekitoa kimoja kimoja, kwa upendo, mpaka pakabaki peupe. Nimkasirikie vipi? Mikono yake ilikuwa na udongo wa kiroba changu.

Nilitaka kuyaacha. Nilifikiri, nikiyapanda hapa nimekwisha, nikiyaacha yakauke labda atanielewa. Nikakaa kibandani nayatazama. Majani yalishaanza kulegea kwa sababu ya safari. Jioni wingu likajikusanya upande wa Mlimwa, upepo ukaleta harufu ya vumbi lililolowa. Marando hayajui ugomvi wa watu. Yakishakatwa, siku zake ni chache. Nikainuka nikachukua mwiko wa fundi, nikapandisha matuta kandokando ya ukuta, nikapanda huku mvua inaninyeshea mgongoni. Salha akanisimamia na mwavuli. Begi nilikuja kulifungua baadaye, kanzu zikiwa na mikunjo.

Yameshika. Nenda ukaangalie, ukuta mzima umefunikwa, huioni saruji. Nimeshayapunguza mara moja.

Hilaria alipita tena juzi. Siku hizi akifika kwenye geti letu hanadi, anagonga bati kwa pete.

"Shikamoo babu. Leo unachukua?"

"Marahaba. Leo ninavyo vyangu."

Akachungulia. "Eeh, shamba hilo. Kumbe bado unatunzwa?"

"Bado."

"Hayo marando mekundu mbona sijayaona kwetu?"

"Hayapo kwenu. Ni ya mke wangu."

"Nigawie, babu. Haneti mvua zinashika vizuri, nitakupandia tuta lako."

Nikakata kamba ndefu zilizokomaa, nikazifunga kwa uzi wa jani la mgomba, nikazipeleka getini. Nikazipitisha kwenye tundu karibu na kufuli, upande wa shina kwanza. Alivuta taratibu kule nje na majani yakafuata, moja baada ya jingine, hakuna lililokwama.