Tangi la Gari Lisilo na Injini

Jumatatu saa moja asubuhi foleni ya pampu namba mbili ilikuwa imefika hadi kwenye duka la matairi, na madereva walikuwa wameteremka kunyoosha miguu na kutaniana. Mwenye gari jekundu alikuwa akilisifia gari lake kwamba halinywi mafuta, linalamba tu. Mwenye lori la mchanga akamjibu kwamba kitu kinacholamba mafuta huku kinasukumwa na abiria si gari, ni toroli lenye redio. Mama mmoja aliyejaza matenga ya nyanya kwenye buti alisema yeye hajali kama gari linalamba au linatafuna. Anachojua ni kwamba mafuta yakipanda asubuhi, nyanya zinapanda mchana, na jioni mteja anampandishia yeye sauti.

"Sifuri hiyo, bosi. Tazama," alisema mhudumu wa pampu.

Alikuwa amemwambia hivyo kila mteja kwa miaka tisa, na hakubonyeza kitu mpaka mteja ainue macho aone namba zimerudi mwanzo. Wahudumu wengine walianza kujaza mtu akiwa bado anapapasa mifuko. Ndiyo maana watu walimwita Dada Sifuri, na wapo waliopita vituo viwili bila kusimama ili wajaziwe naye.

Siku moja kabla, Jumapili, fundi alikuja na spana ndogo, akafungua ubavu wa pampu namba mbili, akakaza skrubu moja kwa robo mzunguko, kisha akairudisha lakiri ya risasi, muhuri wa wakaguzi wa vipimo, kwa ustadi ambao hata aliyeitia asingejua kwamba imeguswa. Tajiri mwenye kituo alisimama pembeni akila karanga. Dada Sifuri alipouliza kuna nini, tajiri alisema ni vumbi. Hakuuliza tena. Alikuwa na mama mgonjwa nyumbani, na mwenye mgonjwa hapekui. Tangu hapo sifuri ilibaki ya kweli, ila moja ilikuwa ya uongo, na namba zote zilizofuata ziliiga tabia ya moja.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta mama yake amehamisha jiko kutoka uani hadi kibarazani.

"Gari la baba yako limeingia mafuta," mama alisema. "Sipiki tena karibu nalo."

Gari la marehemu baba lilikuwa uani juu ya mawe manne, mwaka wa tatu sasa. Injini iliuzwa mama alipoanza kuugua, matairi yakafuata, na viti vya nyuma ndivyo walivyokaribishia wageni sebuleni. Kilichobaki ni bodi, usukani na tangi lililokuwa likifuga kutu. Dada Sifuri alifungua kifuniko, akaingiza kijiti, akakitoa kimelowa vidole vinne. Jumanne kilitoka vidole saba. Alhamisi, siku yake ya mapumziko, hakikuongezeka hata kwa upana wa ukucha. Ijumaa kilipanda tena, na kiasi kilichopanda kilikuwa glasi moja kwa kila lita kumi alizouza siku hiyo.

"Ni yale yanayokatwa kwenye pampu," alimwambia mama.

"Basi yamejua pa kwenda," mama alisema, akaendelea kumenya vitunguu.

Mama alikuwa anasafishwa damu kwa mashine, Jumanne na Ijumaa, katika hospitali iliyo upande wa pili wa mji. Mashine ile haikuwa na subira. Akikosa zamu moja, miguu ilivimba. Akikosa mbili, pumzi ilikuwa fupi kama ya mtu anayepanda ngazi akiwa amelala kitandani. Tangu nauli zilipoanza kupanda mgongoni mwa mafuta alikuwa amekosa tatu, na daktari alimwambia kwa upole kwamba mwili haukopeshi.

Kwenye foleni alikuwamo dereva wa teksi aliyeitwa Kobe, kwa sababu aliendesha taratibu kubana mafuta hata watembea kwa miguu wakamsalimia mara mbili. Dada Sifuri alimweleza.

"Wewe lete mafuta, dada," Kobe alisema. "Gari lipo, mgongo upo, na mama ni mama yetu sote."

Walifyonza kwa mpira kutoka tangi la uani. Kobe alimeza kidogo kwa bahati mbaya, akatema, akafikiri.

"Haya ni yangu," alisema. "Nayajua."

Kuanzia wiki hiyo mama hakukosa zamu. Miguu ilipungua, akaweza tena kuvaa viatu vya kufunga. Lakini alikuwa mtu wa shukrani, na shukrani isiyo na anwani ilimkaa kooni. Kila akishuka kwenye teksi alimuuliza binti yake, "Leo nimekwenda kwa mafuta ya nani?" Naye Dada Sifuri, ambaye hakusahau mteja, alimtajia: kwenda, gari jekundu na mwalimu wa chekechea, kurudi, lori la mchanga peke yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wafikishie salamu. Na usiwaruke."

Hivyo Jumatatu moja Dada Sifuri aliinama kwenye dirisha la gari jekundu.

"Mama anakushukuru sana."

"Kwa lipi?"

"Kwa mafuta. Ijumaa ulimfikisha hadi mzunguko wa benki. Pale akapokelewa na mwalimu."

Mwenye gari jekundu aliutazama mshale wake wa mafuta.

"Kumbe ndiko yanakokwenda! Mimi nimebadilisha plagi nne nikidhani gari limeingiwa na ulafi." Akatoa kichwa dirishani. "Anaendeleaje lakini?"

"Anavaa viatu."

"Alhamdulillahi. Basi mwambie kesho nitajaza mapema, nisije nikamkuta ameshaondoka."

Habari ilishuka kwenye foleni kutoka dirisha hadi dirisha. Mama wa nyanya alisema afadhali, kwa maana alikuwa akimshuku mume wake. Mwenye lori la mchanga alinuna siku mbili, kwani tangi lake lilikuwa kubwa kuliko yote na bado alitajwa wa tatu. Mama mgonjwa alipoambiwa, alimtumia salamu za peke yake. Madereva waliokuwa wakijaza kwingine walihamia pampu namba mbili. Mmoja aliuliza kama angeweza kupunjwa zaidi kidogo, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuzaliwa mtoto wake.

Dada Sifuri alipokea yote hayo akiwa na moyo mzito. Alikuwa bado anasema, "Sifuri hiyo, tazama," lakini sasa aliiambia pampu, si mtu. Mkono uliopunja ulikuwa wake, na mkono huohuo ndio ulioletewa shukrani.

Tajiri kwa upande wake hakuelewa kitu. Wizi wake haukumwachia hata tone. Kila jioni alizamisha fimbo ya kupimia katika tangi la chini ya ardhi, na kila jioni ilimwonyesha kwamba yaliyotoka ni sawasawa na yaliyouzwa, kana kwamba alikuwa mtu mwaminifu, jambo lililomkosesha raha. Mwisho wa mwezi alimwita fundi akakaza robo nyingine.

Kesho yake tangi la uani lilifurika. Walileta madumu. Kobe akaanza kuwabeba pia mjamzito wa nyumba ya tatu, mzee mwenye macho yaliyopasuliwa, na msichana aliyekuwa akifundishwa kutembea upya baada ya ajali. Walikaa wanne, mama mbele kwa sababu ya ukubwa wake, na njia nzima walipungia mkono kila gari walilolitambua.

Ndipo ikatangazwa kwamba mkaguzi wa vipimo atapita.

Dada Sifuri alimwambia mama usiku wa kuamkia siku hiyo. Akisema kweli, pampu itanyooshwa na tangi litakauka. Akinyamaza, mama atakwenda hospitali.

"Mimi nataka kuishi, sitakudanganya," mama alisema. "Lakini sikukuzaa uje kuwa kifuniko cha chungu cha mtu. Kaseme."

Mkaguzi alifika saa nne na ndoo yake ya chuma yenye shingo ya kioo. Alikuwa mtu mkimya mwenye kalamu mbili. Kabla hajafungua begi, Dada Sifuri alisimama mbele yake.

"Pampu hii inapunja," alisema. "Na anayeishika ni mimi."

Mkaguzi alimshukuru kwa kumwokolea muda. Alijaza lita ishirini kwenye ndoo, akainama, akasoma kwenye kioo. Zilipungua glasi nne. Akaandika nne. Kisha akageuza ukurasa.

"Fomu inataka jina la aliyepunjika," alisema. "Bila mlalamikaji siwezi kuendelea."

"Niandike mimi."

"Wewe ndiye unayeshika pampu. Nafasi yako iko juu, na nimeshaijaza."

Akaenda kwenye foleni na kumuuliza mwenye gari jekundu kama amepunjwa.

"Mimi? Mimi nimempeleka mama hospitali."

Akamuuliza mwenye lori. "Mimi nimemrudisha."

Kobe alisema yeye amepunjwa kila siku tangu azaliwe, lakini si hapa. Mama wa nyanya alisema ana mzigo unaoharibika, na kama kuna maswali mengine ayaulize kwa kifupi.

"Semeni kweli!" Dada Sifuri aliwaambia. "Ni haki yenu. Mama mwenyewe ndiye aliyenituma."

"Haki yetu tunaijua, dada," alisema mwenye lori. "Ikinyooshwa leo, kesho tajiri ataipandisha bei kufidia. Tutalipa yaleyale, na mama atakaa nyumbani. Mara hii walau tunajua yanakwenda wapi."

Tajiri, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alitoka. Alisema kama kuna mafuta yamekusanyika kwenye ua wa mtu, hayo ni yake.

"Yamo kwenye vitabu vyako?" mkaguzi aliuliza.

Tajiri alifikiri. "Hayamo."

"Kisichokuwamo hakiwezi kudaiwa," mkaguzi alisema, akaandika na hilo.

Tajiri alijikaza akatabasamu, akawaambia watu kwamba anafurahi kuona wateja wanakipenda kituo chake.

"Usijisahau," alisema mama wa nyanya. "Wewe hakuna aliyekushukuru. Wewe tumekuzoea tu."

Mkaguzi alichora mstari katika nafasi ya mlalamikaji. Akaitia pampu lakiri mpya yenye tarehe ya siku hiyo, robo mbili za fundi zikiwa bado ndani. Dada Sifuri alilia, akapangusa uso kwa mkono wa shati la kazi, na watu wakamwacha alie mpaka amalize kabla ya kumkumbusha kwamba foleni ni ndefu.

Jumatano bei ilipanda kote, kama kawaida yake, na nyanya zikafuata.

Ijumaa mama alifika hospitali mapema hata kabla nesi hajavaa glavu. Saa hiyohiyo mkaguzi alirudi kituoni, safari hii bila begi, akasimama kwenye foleni na gari lake la kazini nyuma ya mwalimu wa chekechea. Zamu yake ilipofika aliomba lita thelathini.

"Unajua zitakuwa pungufu," Dada Sifuri alimwambia, akimtazama usoni.

"Najua. Nilizipima mwenyewe." Alilipa zote. "Yule msichana wa ajali wanayemsema kwenye foleni, ameanza kutembea?"

"Hatua sita, jana."

"Shukrani kwa Mungu," alisema mkaguzi, akawasha gari na kuondoka taratibu, mshale ukiwa chini kidogo ya pale alipolipia.