Nani Alilifukia Bwawa

Wameniomba niandike historia ya semina yetu ya waandishi wa maoni kwa kurasa mbili, tena picha ziachiwe nafasi. Haya. Ilianza Nashville, pale Bwana Lucius Tarpley alipowahesabu waandika tahariri wa magazeti ya Kusini mwa Marekani akakuta sisi weusi tunaenea kwenye gari dogo, na dereva angekuwa yeye mwenyewe. Akawasumbua wenye magazeti mpaka wakamchoka, wakampa chumba na siku nne kila masika. Mwaka wa kwanza walikuja watu saba, na wawili kati yao walidhani ni mafunzo ya kompyuta. Historia ndiyo hiyo. Sasa niacheni niseme ninalolijua.

Mimi nilikwenda mwaka tisini na sita, nikitokea gazeti la mji wetu mdogo kule Alabama. Miaka kumi na minne nilikuwa ripota. Mhariri wangu, Bwana Crewe, alikuwa ameniambia waziwazi: "Verlene, niletee tahariri moja ninayoweza kuichapa bila kuigusa, kiti cha bodi ni chako." Tangu gazeti lile lianzishwe, mtu mweusi alikuwa hajawahi kukaa kwenye bodi ya wahariri. Nilikitaka kiti kile hadi usingizi ukanihama, na sioni haya kusema.

Siku ya kwanza Tarpley alitulisha kuku wa pilipili, yule mkali wa Nashville. Tulikuwa kumi na wawili: weusi, Wameksiko, Mchoctaw mmoja, wa makabila ya asili kule Oklahoma, na dada mmoja Mkorea. Jasho linatutiririka, na kila mtu anasema kitamu, kitamu.

"Waongo nyinyi," Tarpley akasema, anajifuta kipara. "Kuku tu mnaogopa kumsema. Meya mtamweza?"

Nilimpenda hapo hapo, mzee yule mkorofi.

Kanuni yake ilikuwa moja: tahariri yako anaisoma yeye, kwa sauti, mbele ya wote, na wewe unafunga mdomo. Yangu ilihusu bwawa la kuogelea la mji wetu. Mwaka sitini na tatu mahakama iliamuru na sisi weusi turuhusiwe kuogelea humo. Halmashauri ikaona heri kulifukia kuliko kuchangia maji na sisi. Sasa halmashauri ilikuwa inabishana, bwawa lichimbuliwe au pafanywe maegesho ya magari. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwa adabu zote, nikimnukuu kila mkubwa.

Tarpley akamaliza kusoma, akavua miwani. "Nimemsikia meya. Nimemsikia mchungaji, na mhandisi nimemsikia. Gazeti lenyewe limelala?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nimefunga mdomo.

"Umeandika bwawa lilifukiwa. Nani alilifukia? Hili jibu."

"Halmashauri."

"Halmashauri haina mikono, mama."

"Baba yangu," nikasema. "Alikuwa kibarua wao."

Hakuna aliyecheka tena. Nyumbani kwetu jambo lile halikutajwa kamwe, na miaka yote ile sikuthubutu kumuuliza. Tarpley akanirudishia karatasi taratibu. "Basi unajua zaidi ya meya," akasema. "Kaa uandike."

Nikaandika. Nikasema bwawa lichimbuliwe. Nikasema waliotumwa kulifukia ni baba za watoto waliokatazwa kuogelea, na kwamba walitii kwa kuwa walikuwa na watoto hao hao wa kulisha. Nikasema pale pana udongo tu, kazi ya wiki moja ya sepetu, mji usijifanye hauwezi. Jina la mzee wangu sikulitaja. Nikaituma kwa faksi kwa Bwana Crewe.

Bwana Crewe akapiga simu kesho yake. "Sigusi hata nukta," akasema. "Jumapili inatoka. Karibu kwenye bodi."

Tarpley aliposikia alinikumbatia mpaka mbavu zikauma, kisha akanikumbusha kwamba tahariri haina jina la mtu. Gazeti ndilo linalosema.

Jumatatu baba akanipigia kazini. Ozell Tubbs hakuwa mtu wa simu.

"Verlene, umeisoma ile ya jana?"

"Nimeisoma, baba."

"Kuna mzungu hapo kwenu ana moyo. Miaka thelathini na mitatu nimengoja mmoja wao aseme sisi tulikuwa na watoto. Mtafute, umwambie nashukuru."

Nilitaka kuishika kanuni ya gazeti. Ikanishinda.

"Baba, ni mimi."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Wewe," akasema. "Basi umekosea, mwanangu. Udongo ni wa juu tu. Chini tulimwaga zege lenye vyuma. Msimamizi alisema udongo unachimbika, atakuja mtu siku moja alirudishe bwawa."

Tahariri yangu ya kwanza, nami nimeandika kazi ya wiki moja ya sepetu.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Nilikuwa nalia mezani kwangu, ofisi nzima inaniangalia, wala sikujali.

"Waambie walete nyundo za mashine," baba akasema. "Waanzie kona ya mashariki. Pale msimamizi alipogeuka, sikuweka chuma."