Mlango wa Mkata Vimeo

Mwalimu Ghati alihamia nyumba ile ya Kasulu mwanzoni mwa 2013, na wiki haikuisha kabla hajaapa kwamba atamvunja mtu mguu. Kila asubuhi, hata hajapiga mswaki, hodi. Akifungua anakuta mama na mtoto anayekohoa.

"Tumekuja kukata kimeo."

Mpangaji aliyemtangulia, mzee Gharibu, alikuwa mkata vimeo. Mtoto akikohoa, yeye humpanua kinywa, akakikata kwa kisu kile kinyama kinachoning'inia kooni, basi, eti kikohozi kimekwisha. Mzee alishahamia Titye, lakini sifa zake zilibaki pale pale mlangoni, pamoja na kitambaa chekundu alichokifunga kwenye komeo ili wageni wasipotee. Ghati alikinyofoa siku ya pili. Wakaendelea kuja.

"Hapa si kwa Gharibu! Nendeni hospitali!" alikuwa akifoka, kisha anabamiza mlango. Na Kuruthumu, mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua maharage uani, aliwaita akina mama hao kwa upole, akawaelekeza Titye.

"Unawapeleka wakachinjwe?" Ghati alimuuliza siku moja.

"Mwalimu, nyie wa kuja mna maneno! Mimi mwenyewe nilikatwa, na wanangu wote wamekatwa. Nani kafa?"

Alikufa mtoto wa mama mwenye khanga ya kijani. Ghati alimkumbuka vizuri, maana alimfokea Jumatatu, na kabla wiki haijaisha akasikia shuleni kwamba kuna msiba, katoto kamevuja damu baada ya kukatwa huko Titye. Aliwaacha wanafunzi na hesabu zao, akaenda nyuma ya choo cha walimu kulia kwa hasira. Alimkasirikia Gharibu. Alimkasirikia Kuruthumu na maharage yake. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu mama yule alikuja kwake kwanza, naye akambamizia mlango.

Jumamosi hodi ikapigwa tena. Alikuwa binti mdogo, katoka Kitanga kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Mtoto mgongoni alihema huku mbavu zikibonyea ndani, hana hata nguvu ya kulia.

"Mwidiwe," binti alisalimia kwa Kiha chao. "Ni hapa kwa mzee wa vimeo?"

Neno la kumfukuza lilishafika mdomoni. Ghati akamwona Kuruthumu akiweka ungo chini, anataka kunyanyuka. Papo hapo akakumbuka sharti la Gharibu, ambalo akina mama wote walikuwa wakimtajia pale mlangoni kuonyesha kwamba wamejiandaa: mzee akishampokea mtoto, mama hasemi wala haulizi, anafuata tu mpaka mtoto alie. Akifungua mdomo kabla ya hapo, kazi imeharibika.

"Ni hapa," akasema. "Mzee kaniachia kazi. Lete mtoto."

Binti akamfungua mtoto, akampa, akafumba mdomo. Ghati akatoka naye mbio.

"Mwalimu! Unamdanganya mtoto wa watu!" Kuruthumu akapiga kelele.

"Kamwambie Gharibu aje anishtaki!"

Wakapita sokoni, yeye mbele, binti nyuma. Walipoingia geti la hospitali macho yalimtoka binti wa watu, lakini sharti ni sharti, hakutamka kitu. Daktari alimpima mtoto kifua, akasema ni nimonia, na imeshamkalia vibaya. Akawekewa oksijeni. Muuguzi akamchoma sindano, na mtoto akalia.

Hapo mama mtu akafunguka.

"Umenidanganya! Wewe si wa vimeo! Ni nani wewe?"

"Mpangaji," Ghati akajibu. "Nitukane utakavyo, ila hapa hutoki mpaka mtoto apone."

Binti alimtukana kweli, Kiha chote alichokuwa nacho, na Ghati alikaa kwenye benchi akayapokea matusi yote. Hakuondoka mpaka alipomwona mtoto ananyonya.

Aliporudi nyumbani alimkuta Kuruthumu uani, kanuna. Hakumsalimu. Aliingia ndani, akapekua nyuma ya gunia la mkaa mpaka akakipata kile kitambaa chekundu. Akakikung'uta, akatoka nacho, akakifunga kwenye komeo.

"Sasa hicho unakirudisha cha nini?" Kuruthumu aliuliza.

"Nawangoja," Ghati akasema. "Na wakija, wewe usinyanyuke."