Mkono wa Kulia wa Mzee Katoo

Kiharusi kilimpata Mzee Katoo kati ya kichwa cha mjukuu wa kwanza na kichwa cha mjukuu wa pili. Watoto walikuwa wamepanga foleni mlangoni asubuhi, wameinamisha vichwa kama Wamaasai wanavyofundishwa tangu wajue kusimama, wakingoja babu aweke kiganja utosini ndipo waende shule. Wa kwanza aliguswa, akatoka mbio. Wa pili akainama, akangoja, akangoja, mwisho akainua macho kuona kulikoni. Alimwona babu mdomo umekwenda upande, mkono unaning'inia. Mtoto akadhani amenuniwa, akalia njia nzima hadi shuleni. Wako watu hapo Kisaju ambao bado wanakisimulia kisa hicho huku wakicheka, na sijui wanachocheka ni nini.

Hospitali walimruhusu baada ya majuma mawili. Akili ilikuwa nzima, tena nzima kuliko ya wengi waliokuja kumjulia hali. Mguu wa kulia aliuburuta. Ulimi ulikuwa mzito, kila neno alilitoa kwa kulivuta. Mkono wa kulia ndio haukutaka kusikia la mtu. Wageni walikaa sebuleni wakanywa chai, wakamzungumza yeye mbele yake kama ametoka kidogo.

"Anakula?" walimuuliza mkewe, Zipporah. "Na anasikia?"

Anasikia! Alisikia hata yale waliyonong'onezana wakishafika langoni. Lakini lililomkata maini si hilo. Ni kwamba watoto wa boma waliacha kumwinamia. Waliambiwa wasimsumbue babu, nao kwa adabu zao njema wakawa wanapita mbali na kiti chake, wakisalimu, "Supa, babu," halafu hao. Mtu aliyegusa vichwa vya watoto kwa miaka thelathini sasa alipitwa kama nguzo ya stima. Alijikaza mchana. Zipporah ndiye aliyejua kwamba foronya ya mumewe ilikuwa na unyevu kila asubuhi, na hakumuuliza.

Zipporah ndiye pia aliyesikia habari za Munguti. Huyu alikuwa daktari wa mazoezi ya viungo, Mkamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye chumba kimoja nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi mle Kitengela. Kila Jumanne na Ijumaa Probox ya jirani iliwashusha hapo. Lemein, mwana wao wa kwanza, anayefanya kazi Kajiado mjini, alitoa gharama zote bila kunung'unika. Kijana mzuri, asije mtu akamwelewa vibaya. Ila hakuingia mle chumbani hata siku moja. Kumwona baba yake akifundishwa kukunja vidole ni jambo ambalo moyo wake haukuliweza.

Siku ya kwanza Munguti aliuliza, "Mzee, huu mkono ukiamka, unataka ufanye kazi gani?"

"Ashike tu kijiko," Zipporah akajibu.

"Pole, mama. Nimeuliza mzee."

Kisha akangoja. Hakutazama simu, hakutazama saa, hakumalizia mzee sentensi yake kama walivyozoea kufanya nyumbani. Alikaa tu kwenye kigoda chake mpaka maneno yakafika.

"Namu... nyak," akasema Mzee Katoo. "Ki... chwa."

Zipporah alieleza. Namunyak ni kitinda mimba wao, ataolewa Desemba na kijana wa Bissil. Siku bibi harusi anatoka kwao, baba humwekea mkono kichwani, akishaguswa ndipo anaenda. Dada zake watatu walitoka hivyo. Yeye ndiye wa mwisho, na baada yake hakuna mwingine wa kutolewa.

"Na mkono wa kushoto je?"

Mzee Katoo alimtazama kama mtu aliyetemea maziwa mate.

"Haya, nimekoma," Munguti akasema. "Wa kulia."

Zipporah alionyesha kichwa cha bintiye kingefika wapi akiinama mbele ya kiti, na Munguti akabandika utepe wa bluu ukutani hapo hapo. Kuanzia Mei kazi ikawa moja: kuufikia huo utepe. Mwanzo mzee alisukuma taulo juu ya meza, mbele na nyuma, mara hamsini, jasho likimtoka kwa kazi ambayo mtoto wa chekechea angeiona mchezo. Halafu kufungua kiganja. Halafu vidole kutambaa ukutani, kimoja baada ya kingine, vikiteleza, vikianza upya. Julai nzima haikuleta hata inchi moja, akakata tamaa, akakataa kupanda Probox, na Zipporah akampandisha kwa matusi.

"Mzee, hata kobe angekuwa amefika na amerudi," Munguti alimtania siku moja.

Mzee Katoo akamjibu kwa Kimaa, neno refu.

"Hiyo ni tusi ama ni baraka?"

"Ni tusi," Zipporah akasema.

"Poa sana. Limetoka lote bila kukwama."

Sharti lilikuwa moja, na Munguti alilirudia hadi likawachosha: mkono huu hauvutwi. Nyama zinazoshikilia bega bado zimelala. Akiinuka, ashikwe kiunoni. Akivalishwa shati, mkono huu uingie kwanza, polepole. "Mtu akiuvuta ghafla, anang'oa yote tumejenga," alisema. "Na sijui kama tutajenga tena."

Oktoba vidole viligusa utepe. Katikati ya Novemba Munguti alikivuta kigoda mbele ya kiti, akainamisha kichwa chake mwenyewe. Mzee akauinua mkono kutoka gotini. Ulitetemeka, ukasimama kifuani kana kwamba umesahau unakokwenda, ukapanda tena. Zipporah alihesabu kimoyomoyo, akafika kumi na tano. Kiganja kikatua kwenye nywele za yule Mkamba, kikatulia.

Munguti hakuinuka haraka. "Ashe oleng, Papa," alishukuru hatimaye, akitumia Kimaa chote alichokuwa nacho. Zipporah alitoka nje, akalia kando ya mabati ya kuuzwa, wauzaji wakidhani amefiwa.

"Sasa waambie watu wako," Munguti alisema walipokuwa wakiaga. "Lemein ajue. Namunyak ajue. Wafundishwe kungoja, maana huu mkono unafika, lakini unafika na wakati wake."

"Ha-pana."

"Mzee, sikiliza..."

"Wa-ta-ona."

Alikuwa na sababu, na hapa ndipo nisipomhurumia sana. Wiki iliyotangulia alimsikia Lemein akizungumza na mshereheshaji kwa simu. "Mzee tutamweka hapo mbele, watu wamuone. Lakini usimpe maiki, na usimwite kufanya kitu. Sitaki aaibike." Maneno ya upendo, na yalimchoma kuliko dharau. Basi angewaonyesha. Angewaonyesha wote, siku hiyo, mbele ya wakwe na wazee wa rika lake, bila kumdokezea mtu. Akamwapisha Zipporah asiseme. Mke wa miaka arobaini, aliyempandisha Probox kwa matusi, kwa hili akatii. Tumezoea kuita kitu kama hicho heshima. Mimi nakiita kiburi, na kilimgharimu alichokuwa nacho.

Siku ikafika, Jumamosi. Mahema yalijaa, moshi wa nyama ukatanda hadi barabara ya Namanga, na magari ya wakwe yakasimama yameelekea Bissil tayari kwa safari. Mzee Katoo aliketi mbele kwenye kiti chenye mikono, shuka jekundu, rungu mkono wa kushoto, wa kulia juu ya goti. Lemein alisimama nyuma ya kiti kwa suti, kama mlinzi. Wazee waliomba na maziwa, mchungaji akaomba na Biblia, kila mmoja akiogopa mwenzake asimzidi urefu.

Kisha Zipporah akamleta Namunyak. Ushanga ulimfunika shingo na kifua, nyasi mbichi zilichomoza kwenye viatu vyake kama desturi inavyotaka, na uso ulikuwa umeloa machozi. Alipofika mbele ya baba yake akapiga goti, akainamisha kichwa. Alifanya hivyo kwa mazoea tu. Hakutarajia kuguswa. Angengoja kidogo, ainuke, aende.

Mzee Katoo akauita mkono.

Ulitii. Moja, mbili, tatu, ukaachana na goti. Zipporah aliuona, akabana midomo asipige kelele. Nne, tano. Shangwe zikapungua, watu wakaanza kutazama. Sita, saba. Mkono ulifika kifuani, ukasimama pale pale unaposimamaga, vidole vikitetemeka. Uso wa mzee ulikuwa umepinda kwa juhudi, mate yamemtoka pembeni ya mdomo, naye hakuyajali, maana alijua kinachofuata. Alijua njia iliyobaki vizuri kuliko njia ya kwenda kisimani kwake.

Lemein hakuijua. Alichokiona ni baba yake anahangaika mbele ya halaiki. Aliona simu zimeinuliwa kila upande, aliona wakwe wanatazamana, na mshereheshaji anatafuta cha kusema. Aibu ilikuwa inamjia baba yake mbio, na mwana wa kwanza hasimami tu kuitazama. Akainama juu ya kiti, akamkamata baba kifundo cha mkono, akauvuta juu kwa nguvu, akaupachika kichwani mwa dada yake.

Vigelegele vikalipuka. Katika kelele hiyo hakuna aliyesikia bega, isipokuwa mwenye bega.

Mkono ulilala pale kichwani kama nguo iliyotundikwa. Mzee Katoo hakuhisi nywele za bintiye wala joto la kichwa chake. Alichohisi ni vidole vya mwanawe vilivyombana kifundoni. Namunyak akanong'ona, "Ashe, Papa," akainuka, akageuka, akaanza kuondoka na wanawake wa upande wa mume.

"Ngo..." akasema baba yake. "Ngo..."

Bibi harusi wa Kimaasai akishatoka kwao hageuki nyuma. Amefundishwa hivyo na mama yake, na mama yake na nyanya yake. Namunyak alikwenda taratibu, shingo imenyooka, macho mbele, mtoto mwenye adabu kuliko wote aliowalea mzee. Hata kama angemsikia, asingegeuka.

Lemein alitoa leso yake nyeupe, akampangusa baba mdomo. Macho yake yalikuwa na machozi, ya kweli kabisa. Akamwinamia sikioni.

"Usijali, Papa. Nimekusaidia. Hakuna mtu ameona."

Mzee Katoo aliuita mkono tena, kuuelekea mgongo wa Namunyak uliokuwa ukifika langoni. Maumivu yakapasuka kutoka begani hadi kwenye kucha. Mkono haukusogea. Milango ya magari ikafungwa, mmoja mmoja, na msafara ukashika njia ya Bissil.

Jumanne alikataa kwenda Kitengela, wala matusi ya Zipporah hayakufua dafu, kwa hiyo Munguti alikuja mwenyewe kwa pikipiki. Alimkuta Lemein nyumbani. Alikuwa amechukua ruhusa kazini, amemletea baba picha kubwa iliyowekwa fremu: Namunyak ameinama, mkono wa baba juu ya kichwa chake, na wa Lemein umekatwa kwa ustadi usionekane. Picha nzuri sana. Watu walikuwa wameisifu kwenye simu siku tatu mfululizo, wakisema mzee amepona.

Munguti alifungua shati la mzee. Bega lilikuwa limevimba na kuwa jekundu. Alibonyeza chini ya mfupa, vidole vyake viwili vikazama mahali ambapo havikupaswa kuzama.

"Nani alivuta huu mkono?"

Zipporah alitazama sakafu. Lemein aliweka kikombe chini. "Kwani ulivutwa?" akauliza, na uso wake ulikuwa safi, hauna hatia yoyote, uso wa mtu anayetaka kumkamata mkosaji.

Mzee Katoo alianza kusema. Munguti akangoja, kama kawaida yake. Zipporah naye akangoja, kwa maana alitaka lisemwe mara moja lililokuwa ndani ya nyumba ile, na papo hapo aliogopa. Lemein tu ndiye alifungua kinywa kumsaidia, na Munguti akamnyamazisha kwa mkono.

"Mi... mi," akasema mzee. "Nili... a-nguka."

Munguti alimtazama machoni. Miezi saba ya kukaa na mtu ukutani inatosha kujua anapodanganya.

"Pole, Papa. Mbona hukutuambia?" Lemein akasema. Akamgeukia Munguti, akapunguza sauti, ingawa baba yake alikuwa hapo hapo. "Daktari, niambie ukweli. Huu mkono ulikuwa umeanza kurudi? Kabla aanguke?"

Munguti alimtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa, mara moja, kwa shida.

"Kidogo," Munguti akasema. "Kidogo tu."

Lemein akashusha pumzi. Akaichukua picha, akatafuta mahali pa kuitundika, akapapasa ukuta kwa kiganja chake kizima cha kulia.

"Basi afadhali nilimsaidia siku ile," alisema.